Sabufa Gani kwa Amplifaya Gani: Mwongozo wa Mnunuzi wa Malindi

Wengi wanaonunua sabufa hapa Malindi huanza na inchi. Mtu anataka ya inchi 12, au 15 kama aliyoisikia ikivuma ndani ya matatu ya Mombasa, halafu amplifaya itatafutwa baadaye. Nakusihi ugeuze mpango huo. Anza na amplifaya, soma omu ya chini kabisa inayoihimili, ndipo utafute spika.

Omu hupima jinsi koili ya spika inavyouzuia umeme. Zikipungua, amplifaya hutoa nguvu zaidi na hupata moto zaidi. Mashine iliyoandikwa mwisho wake ni omu 2, ukiifungia mzigo wa omu 1 (yaani spika ambazo jumla yake ni omu 1), itakuwa inajizima kila mara au itaungua kabisa, hasa kwa joto letu la Februari ndani ya buti lililofungwa.

Hesabu zenyewe ni mbili. Kwa mfululizo, yaani chanya ya koili moja ikifungwa kwenye hasi ya nyingine, unajumlisha: 4 na 4 ni 8. Kwa sambamba, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, koili mbili zilizo sawa hugawanywa nusu: 4 na 4 ni 2. Sabufa yenye koili mbili ihesabu kama spika mbili.

Chaguo la kwanza kwangu ni sabufa moja ya inchi 12 yenye koili mbili za omu 4, pamoja na amplifaya ya chaneli moja inayotoa wati 400 hadi 500 za RMS kwenye omu 2. RMS ndiyo nguvu ya kudumu. Ile namba kubwa iliyochorwa juu ya katoni iache. Kwa Probox, Fielder au saluni yoyote, hii ndiyo ningemchagulia ndugu yangu wa tumbo moja. Koili zikifungwa sambamba unapata omu 2, mzigo ambao amplifaya nyingi za aina hii huubeba bila shida. Angalia usiuziwe yenye koili za omu 2: hiyo hutoa 1 au 4, haiwezi kamwe kutoa 2. Ukiitia ndani ya boksi lililozibwa pande zote, gita la besi la taarab au la muziki wa bango utalisikia sauti moja moja. Boksi lenye tundu lina kishindo zaidi, lakini linataka nafasi na seremala anayefuata vipimo vya mtengenezaji.

La pili ni mbili za inchi 10, kila moja koili moja ya omu 4, kwa amplifaya ileile. Sambamba zinatoa 2, na kila moja inapata nusu ya wati hizo za amplifaya. Nyuso zake zikijumlishwa huzidi ya inchi 12 moja, kwa hivyo zinasukuma hewa nyingi zaidi. Zinafaa gari lenye nafasi ndefu na nyembamba nyuma ya kiti, kama matatu za Watamu. Zinunue siku moja, modeli moja.

La tatu, kwa tuktuk na Vitz, ni ya inchi 8 iliyokuja na amplifaya yake ndani. Hesabu ya omu imeshafanywa kiwandani, na betri ya tuktuk haitaki mzigo mkubwa kuliko huo. Ya inchi 15 naiweka ya nne. Boksi lake linameza buti zima, na abiria wa kwenda uwanja wa ndege ana masanduku.

Ninayoikataa ni kuchanganya, na ndiyo inayofanywa sana kwa sababu watu wanazo spika za zamani. Tuseme una ya inchi 12 ya omu 4 na ya inchi 10 ya omu 2, na amplifaya ya wati 600 kwenye omu 2. Ukizifunga sambamba mzigo unakuwa omu 1.33 (4 mara 2, gawanya kwa 6), chini ya kiwango cha mashine. Tena nguvu haigawanyiki sawa: ile ndogo ya omu 2 inachukua theluthi mbili, kubwa inabaki na theluthi moja. Ndogo itaungua ikiwa kubwa haijaanza hata kuchangamka. Ukizifunga kwa mfululizo mzigo ni omu 6, salama, na sasa kubwa ndiyo inayopata theluthi mbili, lakini amplifaya itatoa kama wati 200 tu. Kama huna budi, fuata njia hiyo na kila moja uipe boksi lake, kwani katika boksi moja la pamoja zitasukumana. Bora zaidi, uza moja uongeze pesa.

Ukinunua ya mkono wa pili na maandishi yamefutika, mwambie fundi aipime kwa mita. Koili ya omu 4 husoma kama 3.2 hadi 3.7; ikisoma karibu na 1.8, hiyo ni ya omu 2. Amplifaya ipime kwa fyuzi zake: iliyoandikwa wati 2000 na ina fyuzi moja ya ampea 30 haiwezi kuvuta zaidi ya wati 414 (30 mara volti 13.8 za gari) kwa muda mrefu, na inayotoka ni chini ya hapo.

Kisha kuna chumvi ya hewa yetu. Waya wa alumini uliopakwa shaba ni rahisi, ila ukishaingia unyevu kwenye viungo huoza haraka. Nunua shaba tupu, au ukipata, ile iliyopakwa bati inayofungwa kwenye maboti. Boksi liwe la plaiwudi, kwa sababu mbao za unga wa miti uliogandishwa (MDF) hufura. Fyuzi ya waya mkuu ikae ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri, na usikubali fundi aiweke nyuma karibu na amplifaya: waya ukichunika njiani, urefu wote ulio kabla ya fyuzi hauna kinga, na gari litashika moto.