Kikapu cha pamba na mtungi wangu wa gesi, miezi mitatu baadaye

Nilikinunua Igoma, hapa Mwanza, kwa shilingi elfu thelathini, kwa mama mmoja anayevishona mwenyewe nyumbani. Kwa nje ni kikapu cha ukindu cha kawaida, kikubwa cha kutosha kumeza sufuria ya lita kumi. Ndani kuna kitambaa kilichojazwa pamba, pamba yetu hii hii ya Usukumani, unene wa kiganja kila upande, na juu mto wa kufunikia. Sufuria ikishatokota unaiepua, unaitumbukiza humo, unabana mto, basi. Chakula kinaendelea kuiva bila moto.

Wazo lilitoka mbali kidogo. Dada yangu yuko Leeds, Uingereza, nyumba wanaipasha joto kwa gesi miezi ya baridi, na bili ndiyo hadithi yake ya kila simu. Akanisimulia walivyolivisha tangi la maji ya moto koti nene, wakaziba nyufa za madirisha, na joto la nyumba wakalishusha kutoka nyuzi 21 hadi 19. Nikacheka. Nani anaziba dirisha Mwanza? Ila lile koti la tangi likanikaa kichwani, maana na mimi kila siku nilikuwa nalipia joto linalopotelea jikoni.

Mkosaji mkuu kwangu ni maharage. Hapa ziwani tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayafiki 100. Ndiyo maana maharage yana kiburi kuliko yakipikwa Dar. Na ukiongeza moto hupati kitu: maji yakishatokota joto halipandi tena, kinachokwenda mbio ni gesi.

Sasa naloweka usiku. Asubuhi namwaga yale maji, naweka mapya, nafunika, na yakianza kutokota nahesabu dakika 20 kabla ya kuyalaza kikapuni. Hizo dakika usiziruke. Maharage mekundu yana sumu ambayo joto la wastani haliiondoi. Ni lazima yatokote kwelikweli angalau dakika kumi, kikapu peke yake hakiwezi kazi hiyo. Nikiyalaza saa mbili asubuhi, saa saba nafunua mvuke unanipiga usoni na punje inapondeka kwa vidole viwili. Nabaki na kuunga tu.

Mama mkwe alikuja kutoka Magu, akaona mto, akauliza, "Mwanangu, maharage yanaumwa?" Alipokula alinyamaza. Siku ya kuondoka akataka kujua kikapu kinauzwa wapi.

Nikataka kupima, si kukisia. Shemeji anauza dagaa Kirumba mwaloni, akaniazima mizani ya kuning'iniza. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma chenyewe, unautoa, unabaki na gesi. Tuko watu sita. Wiki bila kikapu tulichoma kilo 2.9; wiki yenye kikapu, 2.1. Mtungi wa kilo 15 uliokuwa unakata wiki ya tano sasa unavuka ya saba. Nikiri tu kwamba wiki hiyo ya pili nilikuwa pia nimesafisha matundu ya jiko, kwa sababu moto ulikuwa wa njano na unapaka sufuria masizi. Kwa hiyo sifa zote si za kikapu.

Lawama ninazo. Siku moja niliweka maharage robo sufuria. Mchana yalikuwa vuguvugu na yameanza kuchacha, nikamwaga. Kinataka sufuria iliyojaa, na hili muuzaji hakuniambia. Chakula cha nyama sikilazi humo usiku kucha, na nikifunua nisikute mvuke narudisha jikoni kichemke upya. Ugali na samaki wa kukaanga hakivihusu kabisa. Kubwa zaidi, kitambaa hakitoki. Mchuzi wa sato ulimwagika wiki ya tatu, pamba ikalowa, na kwa mvua zile ilichukua siku tatu kukauka. Harufu bado ipo ukiinamisha pua.

Faida ambayo sikuitarajia ni maji ya kuoga. Asubuhi za Juni upepo unaotoka ziwani unauma, na watoto wanaondoka kwenda shule giza halijaisha. Zamani niliwasha jiko saa kumi na moja. Siku hizi nachemsha sufuria nzima tukimaliza chakula cha usiku, naifukia, na alfajiri maji bado ni ya kuchanganya na baridi ndipo mtoto ayaguse.

Kitambaa kingekuwa na zipu ningempa yule mama nyota tano. Nimempa nne, na nimeagiza cha pili, kidogo, cha wali.