Kusoma kriminolojia katika chuo kikuu cha serikali, Lubumbashi: uzoefu wangu

Wengi huja wakitarajia alama za vidole na maabara. Hiyo ni kriminalistiki, na ina sehemu ndogo tu katika masomo haya. Kriminolojia inauliza kwa nini mtu anavunja sheria, nani ameamua kwamba kitendo fulani ni kosa, na polisi, parke (ofisi ya waendesha mashtaka) na gereza wanafanya nini baada ya hapo. Anayetaka ujaji asome sheria; diploma ya kriminolojia peke yake haimfikishi huko.

Mfumo ni LMD (lisansi, masta, udaktari): lisansi miaka 3 kwa krediti 180, kisha masta miaka 2 kwa krediti 120. Unaingia na diploma ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari, na Kifaransa chako kiwe imara kwa kuandika. Bajeti isiishie kwenye minervali (ada ya masomo). Ongeza silabusi (vitini vya kozi), usafiri na uchapaji wa memwari, yaani kazi ya utafiti ya kumaliza masomo.

Nadharia zinafundishwa vizuri, kuanzia Lombroso, aliyedai kuna wahalifu wa kuzaliwa, hadi Becker, aliyeonyesha kwamba jamii ndiyo inayombandika mtu jina la mkosaji. Mimi namthamini zaidi Sutherland, ambaye mwaka 1939 aliwataka wanasosholojia wa Marekani wachunguze pia makosa ya wakubwa wa biashara. Katika mji wa madini fundisho hilo lina uzito: kijana aliyekamatwa na waya wa shaba ana faili, lakini aliyeununua waya ule yuko wapi?

Ugumu wenyewe uko kwenye memwari. Kesi moja ina namba ya PV (hati ya maelezo) kwa polisi, RMP (namba ya daftari la mashtaka) kwenye parke, na RP (namba ya daftari la kesi za jinai) ikifika mahakamani. Ukijumlisha madaftari hayo matatu, umehesabu wizi mmoja mara tatu. Chagua RMP kadhaa, uzifuate moja moja hadi RP, na uandike ni zipi zilizoishia njiani. Angalia pia jina la kosa: lililoanza kama wizi linaweza kufika mahakamani kama kuvunja uaminifu. Na mengi hayaingii daftarini kabisa, kwa sababu familia zimepatana au aliyeibiwa hakuona faida ya kushtaki. Kwa hiyo daftari la parke linapima kazi ya parke. Usiliite picha ya uhalifu wa mji. Siku ya kutetea memwari, walimu watakubana hapo.

Gerezani, kwa mfano Kasapa, gereza la Lubumbashi, tenganisha waliohukumiwa na wanaosubiri hukumu. Usimuulize anayesubiri "uliiba kwa nini?": jibu lake linaweza kumdhuru, na kwako litakuwa utetezi wake tu. Muulize alivyokamatwa, alivyohojiwa, nani anamletea chakula. Andika maneno yake kwa Kiswahili chake kwanza, Kifaransa baadaye.

Naipendekeza shule hii kwa mwenye subira ya makaratasi. Barua ya utafiti iombe mapema, itaje kila ofisi kwa jina lake: ikiandikwa gereza tu, parke hawana sababu ya kukufungulia daftari. Beba nakala kadhaa, na kila ofisi ikugongee muhuri wa kupokea kwenye nakala unayobaki nayo.