Bastola Ndogo za Zamani za Bei Nafuu Nchini Marekani: Ipi Ichukuliwe, Ipi Iachwe

Anayeishi Marekani na kutafuta bastola ndogo iliyotumika huvutwa kwanza na bei. Mwongozo huu unaanza na maswali mengine mawili: je, silaha ikianguka ikiwa na risasi inaweza kufyatuka yenyewe, na je, kiwanda kilichoitengeneza bado kipo ili kiipokee ikiwa na kasoro? Majibu ya maswali hayo ndiyo yaliyopanga nafasi zinazofuata.

Nafasi ya kwanza naipa Smith & Wesson Shield ya toleo la awali, iliyoingia sokoni mwaka 2012 na kufuatiwa na toleo la 2.0 mwaka 2017. Inatumia risasi za kawaida za milimita 9, magazini zake huchukua risasi 7 au 8, na bila risasi ina uzito wa takriban gramu 540. Hata hivyo, mwezi Agosti 2013 kampuni yenyewe iliwataka wenye bastola zilizotengenezwa kabla ya tarehe 19 ya mwezi huo waache kuzitumia hadi zikaguliwe, kwa kuwa hitilafu katika kifyatulio ingeweza kuifanya silaha ifyatuke inapodondoka. Ukiletewa ya umri huo, omba uthibitisho kwamba ilikaguliwa. Muuzaji asipokuwa nao, peleka namba ya silaha kwa kampuni kabla ya kutoa fedha.

Ya pili ni CZ 82, bastola ya jeshi la Chekoslovakia ambayo ni nzito lakini hutulia mkononi, hubeba risasi 12, na ina vitufe vya usalama pande zote mbili, jambo ambalo mwenye mkono wa kushoto atalishukuru. Tahadhari yake ni risasi: hutumia milimita 9 kwa 18 (namba ya pili ni urefu wa ganda), kama bastola ya Makarov ya Kisovieti, wala si milimita 9 kwa 19 zinazojaa madukani. Makarov yenyewe ni imara na rahisi kufungua kwa usafi, ila hubeba risasi 8 tu, ndiyo maana naiweka nyuma ya CZ.

Bersa Thunder 380 ya Argentina inafuata. Kwa umbo ni jamaa wa Walther PPK, bastola ndogo ya Kijerumani, na kwa mtu anayejifunza ni ya kupendeza kuliko Ruger LCP, ambayo ni nyepesi mno na humrudishia mpigaji mshtuko mkali. LCP za mwanzo kabisa, zenye namba inayoanza na 370, ziliitwa kiwandani mwezi Oktoba 2008 kwa hatari ya kufyatuka zikianguka, na kampuni ikabadilisha sehemu husika bila malipo.

Kel-Tec P-11, iliyotengenezwa Florida kuanzia 1995 hadi 2019, ilikuwa ajabu ya wakati wake, kwani ilibeba risasi 10 za milimita 9 katika uzito wa takriban gramu 400. Kifyatulio chake, hata hivyo, ni kirefu na kizito kiasi cha kumchosha mtu kabla hajamaliza boksi moja la risasi.

Taurus PT-111 Millennium ya kwanza naiweka karibu na mkia. Mwaka 2015 kampuni hiyo, bila kukiri kosa, ilikubali suluhu mahakamani iliyohusu aina 9 za bastola zake zilizodaiwa kufyatuka zikianguka. Toleo la baadaye, G2, halikuwa miongoni mwao, kwa hiyo soma maandishi ya ubavuni kwa makini.

Mkiani kabisa ziko Raven, Jennings, Bryco na Lorcin. Sheria ya mwaka 1968 ilibana uingizaji wa bastola ndogo za bei ya chini kutoka nje, ndipo viwanda vya pembezoni mwa Los Angeles vikajaza pengo hilo kwa bastola za aloi ya zinki, ambayo ni laini kuliko chuma na huchakaa mapema. Bryco ilifilisika mwaka 2003 baada ya hukumu kubwa ya fidia, na wenzake nao hawapo tena. Ukiinunua leo na pini yake ikavunjika kesho, hakuna anuani ya kuipeleka.