Gunia la mboga au mfuko wa dukani?

Magunia ya mboga, yaani yaliyojazwa udongo na kupandwa juu na ubavuni, yalivuma Kibera, mtaa wa mabanda wa Nairobi, mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi kuvuruga njia za chakula na shirika la Kifaransa la Solidarités kuanza kugawa miche. Siku hizi kuna mshindani: mfuko wa wavu mweusi ulioshonwa vyumbavyumba, unaouzwa kwa jina la bustani ya ghorofa. Kwa mpangaji wa chumba cha mabati, gunia kuukuu la kilo 90 bado linaushinda.

Siri ya gunia iko katikati. Toa gorogoro (kopo la bati la kupimia nafaka) kitako, isimamishe ndani ya gunia, ijaze kokoto, kisha izungushie udongo: debe mbili za udongo kwa moja ya samadi iliyooza (mbichi huunguza mizizi). Udongo ukifika ukingoni mwa gorogoro, ivute juu ujaze tena, hivyo hivyo hadi juu. Nguzo hiyo ya kokoto ndiyo inayoshusha maji. Bila hiyo, sukuma za juu hunona na za ubavuni hunyauka.

Mwagilia, uache siku mbili tatu udongo ushuke ndipo upande, la sivyo utashuka na miche na kukata mizizi. Matundu ya ubavuni yapishane, sentimita 15 hivi kati yao. Toboa kwa kijiti kilichochongwa, kwani mkato wa kisu huendelea kupasuka. Ubavuni weka sukuma na managu (mnavu), juu vitunguu.

Wavu una sifa moja ya kweli: hustahimili jua, ilhali gunia la plastiki huanza kuchanika baada ya mwaka mmoja au miwili. Lakini wavu hukauka upesi, na pale maji yanaponunuliwa kwa mtungi, hoja hiyo inatosha. Maji ya kuoshea mchele yanafaa. Ya kufulia hapana. Udongo wa jaa la taka usiuguse, mara nyingi una madini ya risasi ambayo kuchemsha hakuyaondoi.

Unga bado utanunua, tusidanganyane. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43, inataja haki ya kutokuwa na njaa, na Nairobi ina sheria ya kilimo cha mjini ya 2015. Hakuna kati ya hizo inayomzuia mwenye nyumba kukuondoa mwisho wa mwezi. Gunia la kilo 90 likishajaa, mtu mmoja halisogezi. Usiye na uhakika na kiwanja, tumia la kilo 50, ulijaze nusu tu: watu wawili watalibeba na sukuma zake.