Pakiti ya kujikusanya ya kizimba cha paladiamu: dawa zake safi, karatasi ya maelekezo ndo imewaangusha

Nimeipenda hii pakiti ya kutengeneza kizimba, yani molekuli yenye uwazi ndani, tena sana. Vifaa vingi vya kufundishia kemia vinakupa mipira ya plastiki na vijiti halafu unaambiwa hiyo ndo molekuli, hii inakupa molekuli zenyewe. Ndani kuna naitreti ya paladiamu (paladiamu ni metali) iliyokwisha kushikwa na molekuli ndogo ya ethilinidiamini, ligandi (molekuli inayoishika metali) ya TPT ambayo ni pembetatu yenye piridini, pete yenye naitrojeni ya kushikia, kila ncha, kichupa cha adamanteni kaboksileti ya sodiamu ya kuingiza ndani ya kizimba, na vichujio.

Unapima paladiamu na TPT kwa uwiano wa 6 kwa 4 (wa moli jamani, yani idadi ya molekuli, sio wa uzito), unatia maji, unapasha moto huku unakoroga. TPT haiyeyuki kwenye maji kwa hiyo mwanzoni unaona unga mweupe tu unazunguka na unaweza kudhani umeuziwa kitu kibovu, we subiri. Taratibu unga unapungua, maji yanatakata, mwisho unaona upande wa pili wa chupa vizuri kabisa. Hapo hakuna aliyejenga chochote, paladiamu 6 na ligandi 4 zimejipanga zenyewe: paladiamu zimekaa kwenye kona 6 za umbo la nyuso nane, ligandi zimeziba nyuso 4, zingine 4 ziko wazi.

Siri iko kwenye ile ethilinidiamini. Inakalia nafasi mbili za jirani kwenye paladiamu, zinabaki mbili zenye pembe ya digrii 90 kati yao, basi kona imeshapatikana. Halafu muungano wa paladiamu na piridini unashika na kuachia, ikikaa vibaya inaachia inajaribu tena mpaka itulie. Mkemia wa Japani Makoto Fujita alitumia kona hiyohiyo 1990 kupata mraba wa paladiamu 4, kizimba hiki kikafuata 1995.

Tulipopeleka kwenye mashine ya NMR, inayoonyesha molekuli imeundwaje kwa kusoma alama za atomi zake, upande wa piridini ulitoa alama mbili tu, kali, safi, yani hakuna vipande vilivyobaki njiani. Kwa usafi wa dawa nawapa maksi zote, na kutuletea naitreti badala ya kloraidi kumetuokoa kazi ya kuitoa kloraidi kwa naitreti ya fedha.

Sasa karatasi ya maelekezo. Haisemi popote utumie maji yaliyosafishwa, wakati kloraidi ya maji ya kawaida ikiingia inashindana na ligandi kuishika paladiamu. Haisemi pia kwamba TPT ikizidi kidogo hakuna shida, iliyobaki haiyeyuki unachuja unatupa, mwanafunzi mwenye mizani ya kawaida angepumua. Na kile kichupa cha adamanteni kimepewa sentensi moja! Hapo ndo utamu wote, molekuli 4 zinaingia ndani ya kizimba kimoja, kwenye NMR unaona alama zake zimehama kabisa, mtu asipoambiwa ataiacha kwenye boksi.

Kingine, boksi linasema utatengeneza MOF (fremu za metali na molekuli za kaboni) kama zile za Nobel ya kemia ya 2025. Sio kweli. Zile za Kitagawa, Robson na Yaghi ni fremu zinazoendelea bila mwisho ndani ya fuwele, hiki ni kizimba kimoja kimoja kinachoyeyuka kwenye maji. Warekebishe.

Kwa maabara ya chuo yenye NMR nunueni. Kama mashine hamna, mtaona maji yakitakata ila hamtajua kilichomo, bora msubiri.