Batiki ya mshumaa au ya kufunga: uanze na ipi?

Anayetaka kujifunza batiki hapa Bagamoyo huulizwa hili mapema. Ya kufunga haina mengi: unakunja kitambaa, unakikaza kwa uzi au raba, unatumbukiza kwenye rangi, basi. Kwa watoto sina ubishi, waanze nayo.

Mtu mzima anayetaka kusanifu, huyo namsukumia kwenye mshumaa. Hapa lazima ufikiri kinyumenyume: ulipopaka nta (mshumaa ulioyeyushwa) ndipo rangi haitashika, kwa hiyo unachora kitakachobaki cheupe. Ukitaka rangi mbili, unatia kwanza iliyo nyepesi, unapaka nta tena, ndipo unatia iliyokolea. Nta yenye moto wa kutosha hupenya hadi upande wa pili; geuza kitambaa uone. Ikikaa juujuu na kuwa nyeupe, imepoa, na rangi itapita chini yake. Ile mistari myembamba kama mishipa hutokea nta ikifinywa ikapasuka. Wapo wanaofinya kitambaa kizima ovyo (kwangu huo ni uvivu). Finya pale unapotaka macho yaende.

Mshumaa unakula mkaa zaidi, maana mwishoni unachemsha kitambaa ili nta itoke. Usiimwage: maji yakipoa inaganda juu, unaikusanya. Kostiki soda, kemikali inayounguza ngozi, inatumika kwenye njia zote mbili, kwa hiyo vaa glavu. Na kitambaa kiwe cha pamba. Poliesta haishiki vizuri rangi hizi.