Miezi minane na PK-232: uzoefu wangu wa RTTY

Nimekaa na AEA PK-232 miezi minane sasa hapa Mombasa, na jioni nyingi, masafa ya mita 20 yakifunguka kuelekea Ulaya, huwa naiwasha. Ni kontrola ya data ya waredio wa ridhaa, ya tangu miaka ya 1980, nami naitumia kwa RTTY, yaani maandishi yanayotumwa kwa redio. Inakaa kati ya transiva (redio ya kutuma na kupokea) na kompyuta: toni mbili zinazopokezana hewani inazigeuza maandishi, na ninachoandika inakigeuza toni. Akili yote imo ndani ya kisanduku, kwa hiyo kwenye laptopu sihitaji zaidi ya programu ya kawaida ya terminali.

Niliipata ya mtumba. Aliyeniuzia alisema betri za ndani ni nzima. Nilipofungua kifuniko nikakuta zimevuja na kutu imetambaa. Nikasafisha kwa siki na mswaki, nikaweka mpya. Bila betri inafanya kazi, ila ukiizima inasahau kila kitu, na ukiiwasha inakuomba ubonyeze alama ya nyota (*) ili itambue upya kasi ya terminali. Kilichonitesa zaidi ni adapta ya bei rahisi ya USB kwenda RS-232, iliyokuwa ikimeza herufi. Nilipoibadilisha, tatizo likaisha siku hiyo hiyo.

Ninachokipenda kuliko vyote ni ule mstari wa taa wa kutafutia stesheni. Unazungusha nobu ya transiva polepole, taa zinachezacheza katikati, kisha zinatanuka: huku kushoto kabisa, huku kulia kabisa, katikati giza. Hapo maandishi yananyooka. Toni za RTTY zimeachana kwa hezi 170 tu, hivyo ukipitiliza kidogo mstari wote unaharibika. Baada ya wiki chache sikio langu likawa linafika kabla ya taa. Na taa zikikaa sawa huku maandishi bado ni vurugu, jaribu amri ya RXREV. Huenda mwenzako anatuma toni kinyume.

Sasa amri ya USOS (“unshift on space”), ambayo ningependa kila anayeanza aielewe mapema. Kodi ya RTTY ina biti 5, yaani michanganyiko 32 tu, kwa hiyo herufi na tarakimu zinatumia michanganyiko ileile; kuna alama moja ya kuhamia tarakimu na nyingine ya kurudi kwenye herufi. USOS ikiwa imewashwa, kila nafasi kati ya maneno inakurudisha kwenye herufi. Hilo linasaidia sana radi zinapopiga, maana alama ikipotea mstari unajiponya kwenye nafasi inayofuata. Lakini kwenye mashindano ya CQ WW RTTY, stesheni ya Italia ilinitumia 599 15 15, mimi nikasoma 599 QT QT. Nikaomba arudie, ikaja QT tena. Ndipo nikatazama kibodi: Q iko chini ya 1, T chini ya 5. Alihamia tarakimu mara moja tu mwanzoni, na kontrola yangu ikarudi kwenye herufi ilipoona nafasi. 599 ni ripoti ya ishara, na Italia ni kanda 15, bila shaka! Tangu siku ile nasoma QT kama 15 bila kusita.

Jambo la transiva: RTTY inatoa nguvu mfululizo muda wote unaotuma, haina mapumziko kama sauti ya mazungumzo. Yangu ni ya wati 100, naishusha hadi 40, na joto letu la pwani mwezi wa pili linanihimiza nisizidishe.

Ishara zikiwa dhaifu sana, MMTTY, programu ya RTTY, kwenye laptopu inanasa vizuri zaidi. Nimezilinganisha jioni nyingi. Kwa stesheni zinazosikika vizuri narudi kwenye PK-232, kwa sababu ya zile taa na kwa sababu haijawahi kunigandia katikati ya mawasiliano. Ukiitafuta ya mtumba, mwambie muuzaji aifungue kifuniko mbele yako uzione betri, kisha azitoe na aiwashe mpaka ombi la nyota litokee kwenye skrini. Hapo ndipo mzungumze bei.